Kiswahili cha Slaidi na Video katika Biashara: Tatizo la Istilahi au la Mpangilio wa Kazi?

1.0 Utangulizi

Mawasiliano ya biashara siku hizi hayategemei tena barua na hotuba peke yake. Benki, kampuni za simu, vyama vya ushirika na hata wenye maduka hutumia mabango, slaidi na video kuwaeleza wateja na wanachama mambo yanayohusu fedha zao. Katika makala hii tunakusudia kutoa maoni kuhusu hali ya Kiswahili katika vyombo hivyo. Hoja yetu ni kwamba utata unaojitokeza humo hausababishwi na upungufu wa istilahi, kama inavyodaiwa mara nyingi. Unasababishwa na mpangilio wa kazi: picha na muundo huandaliwa kwanza, aghalabu kwa lugha nyingine, kisha Kiswahili huitwa mwishoni kije kujaza nafasi zilizobaki.

Tuanze na tukio tulilolishuhudia. Mwandishi wa makala hii ni mwanachama wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Katika mkutano mkuu mmoja wa mwaka, afisa kijana alituonyesha slaidi zipatazo 40 kwa muda wa saa moja. Slaidi zote zilikuwa za Kiswahili, na hilo lilitufurahisha. Mojawapo ilikuwa na kichwa hiki: "Uboreshaji wa Utaratibu wa Ukokotoaji wa Riba ya Mikopo ya Wanachama". Chini yake palikuwa na vidokezo sita, mishale iliyozunguka duara, na picha ya familia inayotabasamu. Bibi mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinua mkono akauliza, "Mwanangu, hapo mnatuambia tutalipa zaidi au tutalipa pungufu?" Kijana akajibu kwa adabu, "Bibi yangu, maelezo yote yamo kwenye slaidi." Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa, hoja ikapita. Nasi tuliunyoosha wetu.

Tulipofika nyumbani tukachukua karatasi na kalamu. Kabla ya mkutano ule, riba ya asilimia 2 kwa mwezi ilitozwa juu ya deni lililobaki. Baada yake, asilimia 2 ile ile ingetozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata kama sehemu kubwa imekwisha kulipwa. Kwa mkopo wa shilingi 1,000,000 unaorejeshwa kwa mafungu sawa ya mtaji katika miezi 12, riba ya utaratibu wa zamani ni shilingi 130,000. Riba ya utaratibu mpya ni shilingi 240,000. Mtu anayefundisha Kiswahili kwa riziki yake alikuwa ameketi mbele ya slaidi ya Kiswahili, akapiga kura ya kujiongezea mzigo wa shilingi 110,000 kwa kila milioni, bila kujua. Bibi yule ndiye pekee aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa.

2.0 Picha kwanza, maneno baadaye

Baadaye tulipata habari kwamba slaidi zile ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza na mshauri wa mambo ya fedha, zikafasiriwa usiku wa kuamkia mkutano. Mfasiri alikuta kila kitu kimekwisha kupangwa: visanduku vina ukubwa wake, mishale ina mahali pake, na picha imekwisha kuchaguliwa. Kazi yake ilikuwa kutafuta neno la Kiswahili kwa kila neno alilolikuta, na kupunguza ukubwa wa herufi pale maneno yalipozidi kisanduku. Hatumlaumu. Aliagizwa kushona nguo kwa kipimo cha mtu mwingine.

Utaratibu huu si mpya katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio ya filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mojawapo ya filamu zake ilihusu jambo la fedha hasa: kuweka akiba katika benki ya posta. Maelezo ya filamu za mradi ule yalitiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa mojawapo, na sahani hizo zikapigwa sambamba na picha. Picha ilikuwa moja, na lugha ilibadilishwa kama kanzu. Vifaa vya siku hizi ni bora maradufu, lakini mawazo ya msingi ni yale yale. Video nyingi za matangazo ya huduma za fedha hutengenezwa kwa lugha moja, kisha sauti ya Kiswahili hubandikwa juu yake. Kwa kuwa sentensi ya Kiswahili haikupimwa pamoja na picha, msemaji hulazimika kukimbia ili amalize kabla picha haijabadilika, na mara nyingi kinachokimbizwa zaidi ni masharti na gharama.

Kuna dhana nyingine iliyofungamana na utaratibu huu, nayo ni kwamba picha haihitaji lugha. Hatukubaliani nayo. Rangi nyekundu kwa mhasibu ni hasara, ilhali kwa shabiki wa Simba ni fahari. Mshale unaopanda ni habari njema ukihusu mauzo, na ni habari mbaya ukihusu deni. Picha huvuta jicho na kuonyesha ukubwa wa vitu kwa haraka kuliko maneno, lakini haimwambii mtazamaji kama jambo lililoonyeshwa limekwisha kutokea, linapendekezwa, au limekatazwa. Kazi hiyo ni ya kitenzi.

3.0 Nomino, kitenzi na uwajibikaji

Hebu tukirudie kile kichwa cha slaidi. Kina maneno 11. Kati ya hayo, sita ni nomino na matano ni viunganishi vya -a. Hakuna kitenzi hata kimoja. Katika Kiingereza cha ofisini ni kawaida kupanga nomino kadhaa mfululizo kuwa kichwa cha habari. Zikihamishiwa katika Kiswahili, kila nomino hudai kiunganishi chake, na mnyororo hurefuka. Isitoshe, nomino zinazoundwa kutokana na vitenzi kwa kiambishi u- zote huchukua "wa". Katika sentensi ya kawaida upatanisho wa ngeli humsaidia msomaji kujua neno lipi linaambatana na lipi. Katika mnyororo wa "wa... wa... wa", ukifuatiwa na "ya... ya", msaada huo hupotea. Msomaji hubaki na mlio wa heshima usiokuwa na habari.

Sasa tulinganishe na sentensi hii: "Kuanzia Julai, riba haitapungua hata deni likipungua." Ina maneno saba. Neno "haitapungua" peke yake limebeba ukanushi, limeitaja riba kwa kiambishi cha ngeli yake, na limeonyesha wakati ujao. Wanaosema kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa slaidi wanapima nomino zilizofasiriwa. Kitenzi cha Kiswahili hubana mambo mengi mahali padogo, na msanifu wa slaidi angepaswa kukishukuru.

Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa zaidi si ya urefu. Sentensi inaweza kukanushwa, lakini nomino haikanushiki. Mwanachama akiambiwa kwamba riba haitapungua, anaweza kusimama na kusema, "Hapana, na ipungue." Akiambiwa "Uboreshaji wa Utaratibu", atakataa nini? Nani atasimama mkutanoni kupinga uboreshaji? Kichwa kisichokuwa na kitenzi humnyima msikilizaji mahali pa kushikia hoja, na humpa msemaji mahali pa kujificha. Hatudai kwamba yule kijana alikusudia kutuficha jambo. Tunasema kwamba muundo wa lugha aliyopewa ulificha kwa niaba yake.

Athari za namna hii ya kuwasilisha mambo zimeonekana hata kwa mataifa yenye ufundi mkubwa, nasi tunatoa mfano mmoja kwa sababu umechunguzwa kwa makini. Chombo cha anga cha Columbia, cha shirika la NASA la Marekani, kiliruka tarehe 16 Januari 2003. Wakati wa kuruka, kipande cha sponji ngumu kilichomoka kwenye tangi la nje na kugonga bawa. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwasilisha tathmini yao kwa viongozi kwa slaidi. Edward Tufte, mtaalamu wa uwasilishaji wa takwimu aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliichambua mojawapo, na tume iliyochunguza ajali ikauingiza uchambuzi huo katika ripoti yake ya Agosti 2003. Kichwa cha slaidi kilitia moyo: mapitio ya takwimu za majaribio yanaonyesha kwamba makadirio yana tahadhari ya kutosha. Mtendaji wa kitenzi hicho ni "mapitio", si mhandisi yeyote. Mistari iliyofuata ilipangwa kwa ngazi nyingi, huku neno moja lenye maana ya "kubwa" au "muhimu" likitumika mara tano kwa maana zisizolingana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipokuwa na jambo lenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa cha inchi za ujazo 1,920, ilhali kile cha majaribio kilikuwa cha inchi za ujazo 3. Kwa maneno mengine, majaribio hayakuweza kusema lolote la uhakika kuhusu ajali hiyo. Tarehe 1 Februari 2003 chombo kilivunjika kikirejea duniani, na wanaanga wote saba wakafa.

Slaidi haikuliangusha Columbia, na tume haikusema hivyo. Ilichosema ni kwamba mtindo wa kutumia slaidi badala ya maandishi kamili ya kitaalamu ulikuwa kielelezo cha mawasiliano mabovu katika shirika lile. Nasi tunaona kwamba ugonjwa ule na wa mkutano wetu ni mmoja, ijapokuwa madhara yake hayalingani: habari kuu iliwekwa mahali ambapo jicho halifiki, na kichwa kikasema jambo lisiloweza kuulizwa swali.

4.0 Somo kutoka kwa kanga

Msomaji anaweza kuuliza kama Kiswahili kina mapokeo yoyote ya kuoanisha neno na picha katika biashara. Kinayo, nayo yamo katika kila nyumba. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maandishi yaliyo sehemu ya chini ya mji. Kwa miaka mingi kanga zilipigwa chapa mbali na pwani yetu, India, Ulaya na Japani. Lakini jina halikutoka huko. Wafanyabiashara wa pwani, kama vile Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa ambaye kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", walijua wanawake wa mjini wanasema nini na wanapenda kusoma nini. Mwanzoni maandishi hayo yalikuwa ya hati za Kiarabu, baadaye yakawa ya hati za Kirumi.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, nafasi ya jina hutengwa katika usanifu wenyewe. Neno halibandikwi juu ya maua baada ya maua kukamilika. Pili, jina ni fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi moja na mtu aliyesimama upande wa pili wa barabara, na mara nyingi ni sentensi kamili. Tatu, jina halirudii kile kilichokwisha kuonyeshwa na picha. Mji unaweza kuwa na korosho na jina likawa linamhusu jirani. Picha hufanya kazi yake, na neno hufanya kazi yake.

Jambo hili la tatu linaafikiana na matokeo ya utafiti wa saikolojia. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwamba watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha inayoambatana na maelezo ya sauti, kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia maneno yale yale kwa pamoja. Jicho linalosoma sentensi haliwezi wakati huo huo kuangalia mchoro. Hapa hatuna budi kukiri kosa letu sisi wanataaluma. Ni mara ngapi katika makongamano yetu tumewageuzia wasikilizaji mgongo, tukawasomea slaidi neno kwa neno?

Mfano wa karibu zaidi ni huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Maneno yake ya Kiswahili ni vitenzi vya kuamrisha: tuma, toa, lipa. Kenya husema "Lipa na M-Pesa", Tanzania husema "Lipa kwa M-Pesa". Wanasarufi wanaweza kujadili lini "na" inafaa na lini "kwa" inafaa, na mjadala huo una maana yake. Lakini hakuna mteja wa upande wowote aliyesimama mbele ya bango hilo akashindwa kujua anachotakiwa kufanya. Laiti bango lingesema "Utekelezaji wa Malipo ya Kielektroniki", hali ingekuwa nyingine.

5.0 Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za biashara ya kisasa. Kazi ya kuunda istilahi ni muhimu, na asasi zetu zimeifanya kwa miongo mingi. Lakini katika slaidi iliyotupotosha hapakuwa na istilahi ngumu. Riba, deni, mkopo, faida, hasara, amana, dhamana, hundi na bima ni maneno yaliyozoeleka kwetu, mengine yametoka katika Kiarabu, mengine katika lugha za Bara Hindi na Uajemi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya biashara zamani kabla ya kuwa lugha ya ofisi. Bibi yule alilijua neno riba kuliko yule kijana. Alichonyimwa ni sentensi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inaweza kusemwa kwamba kichwa chenye sentensi kamili humwekea msikilizaji hukumu kinywani, na kwamba mwenye hila anaweza kuandika sentensi fupi, nyepesi na ya uongo. Ni kweli. Ufasaha si uaminifu. Hata hivyo, uongo uliosemwa kwa sentensi una mwenyewe, na unaweza kupimwa kwa takwimu zilizo chini yake. Uongo uliofunikwa kwa nomino hauna mwenyewe. Kati ya hatari hizo mbili, tunachagua ile inayoweza kukamatwa.

Pingamizi la tatu ni la gharama na muda. Tunajibu kwamba utaratibu tunaoupendekeza hauongezi kazi, bali unabadilisha zamu. Sentensi inayoandikwa mwanzoni humwokoa msanifu kutokana na kupanga upya visanduku mwishoni.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo manne. Mosi, kila slaidi, bango au tukio la video lianze kwa sentensi moja ya Kiswahili yenye kitenzi na mtendaji, iandikwe kabla mchoro haujaanza kutengenezwa. Sentensi hiyo ikishindikana kuandikwa, basi mwenye slaidi hajajua anachotaka kusema. Pili, kiasi cha fedha kionyeshwe kwa shilingi kabla ya asilimia. Pau mbili zilizosimama bega kwa bega, moja ya 130,000 na nyingine ya 240,000, zingetosha kutuamsha sote mkutanoni. Tatu, maneno ya video yasomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwamo katika biashara hiyo, na urefu wa picha ufuate usemaji wake wa kawaida. Gharama inapotajwa kwa sauti, tarakimu yake ibaki kwenye kioo hadi sentensi iishe. Nne, mwanaisimu na mfasiri wakae meza moja na msanifu tangu siku ya kwanza.

Pendekezo hilo la nne linatugusa sisi wenyewe. Kozi zetu zinamfundisha mwanafunzi kuandika insha, barua ya kikazi na kumbukumbu za mkutano. Ni nadra kumfundisha kuisoma grafu na kuisema kwa Kiswahili, au kukifumua kichwa cha nomino sita na kukifanya sentensi ya maneno saba. Wahitimu wetu wanaajiriwa na benki, kampuni za simu na vituo vya televisheni, nao huko huitwa mwishoni kwa sababu hatukuwafundisha kudai kuitwa mwanzoni.

Ulizo la bibi yule, tutalipa zaidi au tutalipa pungufu, halikuhitaji istilahi mpya wala projekta bora. Lilihitaji jibu lenye kitenzi. Mkutano mkuu unaofuata wa chama chetu umekaribia, na tumeomba nafasi katika ajenda ili hoja ile irudishwe mezani. Tutaiwasilisha kwa slaidi moja tu, na tumekwisha kumwonyesha bibi. Aliitazama kidogo, akasema, "Kumbe ndivyo! Sasa nani aliipigia kura hii?"